Kumfuga Pterinochilus murinus: mwongozo wa kuishi na tarantula mkali wa Afrika

Hakuna tarantula wa Afrika, wale buibui wakubwa wenye vinyweleo, aliyechafuliwa jina kama Pterinochilus murinus. Gusa tu ukingo wa kasha lake, na huyo amesimama: miguu ya mbele juu, kifua kimeinuka, chonge nyeusi wazi. Ukiendelea kumsumbua atapiga chini kwa miguu, mara moja, mara mbili. Baada ya hapo huenda asitishe tena. Anauma.

Watu huita hiyo hasira. Mimi naiita woga, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kumfuga. Tarantula wengi wa mabara ya Amerika wana nywele za kuwasha tumboni. Wakisumbuliwa huzipangusa kwa miguu ya nyuma zikaruka hewani, adui akaondoka akijikuna. Wa Afrika hawana silaha hiyo. Wana mbio na wana meno, basi. Murinus ana macho manane yasiyoona vizuri, na mambo ya nje huyajua zaidi kwa mitetemo inayopita kwenye vinyweleo vya miguu yake. Kitu kikubwa kikitikisa nyumba, anachotaka ni kukimbilia shimoni. Ukimnyima shimo, umemlazimisha apigane.

Kwa hiyo usitarajie kufundishwa hapa namna ya kumzoesha mkono. Hazoeleki, na wanaompandisha mkononi wakipigwa picha wanacheza kamari kwa mtaji wa buibui. Kazi yako ni kupanga kasha na shughuli zako ili yeye asipate sababu ya kuuma, na wewe usipate sababu ya kuingiza mkono.

Je, huyu ndiye unayemtaka?

Fikiria haya kabla ya kuamua. Jike huishi zaidi ya miaka 10. Mchana mwingi hutamwona. Utaona utando, tundu, na pengine ncha za miguu miwili mlangoni. Kama nyumbani kuna mtoto anayependa kufungua vitu, au mtu anayemwogopa buibui kiasi cha kukosa usingizi, acha. Na kama hujawahi kufuga tarantula yeyote, anza na mpole wa Amerika kama Tliltocatl albopilosus, ujifunze kwanza namna buibui anavyokula, anavyojivua gamba na anavyokimbia. Murinus ni mwepesi kupita unavyofikiri. Anaweza kuzunguka kuta zote nne za kasha kabla hujamaliza kuinua kifuniko.

Wapo Waafrika wengine wenye sifa kama zake. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania ni mkubwa zaidi, rangi ya kutu, miguu ya nyuma ya jike minene isivyo kawaida. Huchimba shimo refu sana, hukua polepole, na akiudhika hutoa sauti ya kukwaruza inayosikika wazi. Heteroscodra maculata wa Afrika Magharibi, mweupe mwenye madoa meusi, huishi mitini, na kwa maoni yangu ni wa hatari zaidi kumhudumia kwa sababu anakaa juu, karibu na kifuniko, karibu na vidole vyako. Stromatopelma calceatum simshauri mtu asiye na uzoefu wa miaka. Mengi yaliyomo humu yanawahusu wote, ila vipimo nilivyoweka ni vya murinus.

Hatua ya 1: Mpate kihalali, na mpate akiwa mdogo

Spishi hii, iliyoelezwa kisayansi na Reginald Innes Pocock mwaka 1897, inapatikana porini kuanzia Kenya na Tanzania hadi Angola na kusini mwa Afrika. Wale wa rangi ya chungwa, ambao ndio wanaotafutwa zaidi na wafugaji, wanahusishwa na eneo la Usambara. Wengine ni wa kijivu au kahawia, wote wakiwa na mistari inayotawanyika kutoka katikati ya kifua kwenda pembeni.

Kuishi katika nchi yenye buibui hawa hakukupi ruhusa ya kwenda kuwachimba. Nchini Kenya wanyamapori, wakiwemo wadogo wasio na uti wa mgongo, wanalindwa na sheria ya mwaka 2013, na anayetaka kuwafuga au kuwauza anaanzia Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kutafuta kibali. Mtu akidhani serikali haijali vidudu, akumbuke kesi ya Mei 2025, ambapo mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela miezi 12, baada ya kukamatwa na maelfu ya sisimizi, wengi wao malkia. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Afrika Kusini imeiweka jenasi nzima ya Pterinochilus kwenye orodha yake ya spishi zinazolindwa tangu 2007. Popote ulipo, uliza mamlaka ya wanyamapori kabla ya kumlipa mtu.

Uzuri ni kwamba murinus huzaliana vizuri mikononi mwa wafugaji. Kifuko kimoja cha mayai kinaweza kutoa watoto zaidi ya mia moja, kwa hiyo hakuna haja ya kumtoa mtu mzima porini, ambaye mara nyingi huja na minyoo au utitiri. Nunua kinda aliyezaliwa kifungoni. Kinda mwenye urefu wa sentimita mbili za miguu ana meno madogo na hukupa muda wa kujifunza mwendo wake. Tena hukua haraka kuliko tarantula wengi: dume anaweza kukomaa akiwa na mwaka mmoja na kidogo, jike huchukua muda zaidi.

Hatua ya 2: Kasha liwe tayari kabla buibui hajafika

Hapa ndipo pa kutumia akili nyingi, maana kasha likipangwa vizuri, miaka inayofuata inakuwa myepesi.

Kinda akae kwenye kopo dogo la plastiki angavu, lenye kimo cha sentimita 8 hivi. Toboa matundu ya hewa ubavuni kwa sindano iliyopashwa moto. Kanuni ya ukubwa wa tundu ni kifua chake: kifua ni kigumu na hakibonyei, lakini tumbo hubonyea. Tundu linalopitisha kifua litampitisha buibui mzima.

Mtu mzima mwenye urefu wa miguu wa sentimita 12 hadi 15 anatosheka na tangi la sentimita 30 kwa 30, kimo kama 35. Jaza udongo sentimita 15 hadi 20. Mchanganyiko mzuri ni makumbi ya nazi yaliyosagwa pamoja na udongo wa juu usio na mbolea wala dawa, ushindiliwe kwa kiganja hadi ushike. Udongo uliomwagwa tu bila kushindiliwa hauwezi kubeba shimo. Atachimba, utaporomoka, ataacha, kisha ataanza kujenga kwenye kona ya juu karibu na kifuniko, na hapo umejitengenezea tatizo ambalo utakutana nalo kila unapotaka kumlisha.

Egemeza kipande cha gome la mti kwa mshazari, nusu yake ikiwa imefukiwa. Kwa kijiti kinene toboa mwanzo wa shimo chini ya gome hilo, likielekea kwenye kioo cha upande mmoja. Mara nyingi atalikubali shimo hilo na kulirefusha, nawe utapata bahati ya kumwona ndani kupitia kioo. Weka gome upande wa nyuma na chombo cha maji upande wa mbele, chini kabisa ya sehemu unayofungua. Ukifungua kifuniko, mkono unafika kwenye maji ukiwa mbali na mlango wa shimo. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu gome mbele linapendeza.

Nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi mara moja na nusu ya urefu wa miguu yake. Tumbo la tarantula likiangukia kitu kigumu hupasuka, na majimaji yake yakimwagika hafi kwa jeraha tu, hata kutembea hawezi, kwani miguu yake hunyooka kwa nguvu ya majimaji hayohayo. Kwa sababu hiyo usipambe ndani kwa mawe yenye ncha.

Kifuniko cha wavu wa chuma kitoe. Kucha hunasa kwenye wavu, naye akaning'inia hadi mguu ukatoke. Weka kipande cha akriliki chenye matundu, kikae vizuri bila kuchezacheza, kisha kiwe na kishikizo au kufuli. Kitabu kizito juu ya kifuniko si kufuli.

Vifaa vya kuwa navyo: kibano kirefu cha sentimita 25 au 30, brashi laini ya kupakia rangi yenye mpini mrefu, kopo la plastiki angavu lenye mdomo mpana kuliko buibui mwenyewe, na kadi ngumu ya kuliziba. Vikae pembeni ya kasha siku zote. Kwenda kutafuta kopo huku kasha liko wazi ndiyo njia ya kurudi ukute kasha tupu.

Hatua ya 3: Kumhamisha

Ajali nyingi za murinus hutokea siku ya kumhamisha, wala si siku za kawaida. Ukiweza kulipunguza zoezi hili hadi mara mbili au tatu katika maisha yake, fanya hivyo.

Chagua chumba chenye vitu vichache. Funga mlango, ziba uwazi wa chini kwa taulo, zima feni. Chukua beseni kubwa la plastiki lenye kuta ndefu na utelezi, uweke ndani yake kasha jipya na kopo la zamani. Akiruka nje, ataangukia kwenye beseni. Vaa mikono mirefu iliyobanwa kwenye kifundo, maana murinus akipagawa hukimbilia popote panapopanda, na mkono wako ni mojawapo. Akikupanda, ganda. Usimpigepige wala kutikisa mkono. Tulia, msubiri asimame, kisha mfunike kwa kopo.

Njia rahisi kuliko zote ni hii, na nashangaa watu wanaihangaikia nyingine: weka kopo lake la zamani, likiwa wazi, ndani ya kasha jipya, funga kifuniko cha kasha, nenda kalale. Atatoka mwenyewe kwa wakati wake, usiku huo au baada ya siku chache, na kopo utalitoa kwa kibano akishajificha penginepo. Njia hii inafaa sana kwa kinda anayekua.

Asipotaka kutoka, au kama kasha la pili halina nafasi ya kopo, tumia chupa. Kata kitako cha chupa ya plastiki, uweke upande uliokatwa juu ya mlango wa shimo lake, halafu kwa upole msogeze kutoka nyuma kwa brashi. Mguse miguu ya nyuma. Ukimgusa mbele, brashi itaumwa. Akishaingia kwenye chupa, ziba kwa kadi na umpeleke kwenye kasha jipya, ambako utaelekeza mdomo wa chupa kwenye shimo ulilomwandalia. Akiona giza mbele yake, ataingia.

Akisimama wima katikati ya zoezi, acha. Funika, ondoka, rudi baada ya nusu saa. Haraka haina nafasi hapa.

Hatua ya 4: Wiki za kwanza

Usimguse. Usimfungulie kila saa kuona kama amekula. Baada ya siku nne au tano mtupie mdudu mdogo. Asipokula, mtoe mdudu na ujaribu wiki inayofuata. Katika muda huo murinus atakuwa anajenga, na kwa kweli hapa ndipo anapofurahisha kumtazama. Husokota utando mwingi kuliko tarantula wengi, tabaka juu ya tabaka, hadi gome, udongo na kona zinashikana na kuwa njia zenye milango miwili au mitatu. Kaa gizani na taa nyekundu hafifu, utamwona akibeba punje za udongo kwa meno, akizipachika ukingoni, kisha akizunguka akizifunga kwa nyuzi kutoka kwenye vichirizi viwili virefu vya nyuma ya tumbo. Buibui yuleyule aliyekutishia jana anafanya kazi hiyo kwa utulivu wa ajabu.

Utando huo usiuondoe eti unafanya usafi. Kila uzi ni kengele inayomwambia nani amegusa nini, na akiwa na taarifa woga wake unapungua.

Chakula na maji

Nyenje, mende wa kufugwa, panzi wadogo, mabuu. Mdudu asizidi urefu wa tumbo la buibui. Kinda mlishe kila baada ya siku 4 hadi 7. Wadogo kabisa wapewe mdudu aliyekwisha kuuawa au vipande vya mabuu. Mtu mzima siku 10 hadi 14 zinatosha, na tumbo lake ndilo kipimo chako: likiwa kubwa mno kuliko kifua, punguza. Tarantula mzima anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike, kwa hiyo ukisafiri kidogo usimpe mtu mwingine jukumu la kufungua kasha.

Lisha jioni. Kabla ya kufungua, tazama alipo. Humwoni? Gonga taratibu upande wa mbali, aingie shimoni. Kisha fungua uwazi mdogo wa kupitisha kibano, dondosha mdudu, funga. Mabaki yatolewe baada ya saa 24, kwa kibano. Nyenje aliyeachwa hai humo anaweza kumtafuna buibui anayejivua gamba.

Usiokote wadudu mashambani wala bustanini, huwezi kujua wamepita kwenye dawa gani. Na hili la dawa lina upana zaidi ya chakula: dawa za kupulizia mbu na mende huua buibui, hata zikipuliziwa chumba cha jirani hewa ikihama. Dawa za viroboto unazompaka mbwa hubaki kwenye vidole. Nawa mikono kwa sabuni na suuza vizuri kabla ya kugusa chochote cha kasha.

Maji yawepo muda wote, kwenye chombo kipana na kifupi; kwa kinda kifuniko cha chupa kinatosha. Usiweke sifongo, ni makazi ya vijidudu. Murinus atakijaza chombo udongo. Kisafishe. Atakijaza tena. Wakati mwingine atakifunika kwa utando, nawe utamwaga maji juu ya utando naye atakunywa matone. Juu ya udongo pawe pakavu, lakini mara moja moja mwaga maji kidogo kwenye kona moja yashuke hadi chini, tabaka la chini lipate unyevu. Makinda wanahitaji unyevu huo zaidi kuliko wakubwa.

Joto la chumba la nyuzi 22 hadi 28 linamtosha. Taa za kupasha na mkeka wa joto chini ya kasha achana navyo: porini akisikia joto anashuka chini ya ardhi kutafuta ubaridi, wewe ukiweka joto chini, unamkaanga palepale anapokimbilia.

Kujivua gamba

Atakataa chakula. Tumbo litakuwa jeusi na la kung'aa, hasa kwa makinda. Wengi huziba mlango wa shimo kwa utando na udongo, wakapotea wiki kadhaa. Mfugaji mgeni huanza kuchimbua akidhani amekufa, na kuchimbua huko ndiko kunakoua. Mwache. Hakikisha maji yapo, toa mdudu yeyote aliyebaki, basi.

Ukibahatika kumwona, atakuwa amelala chali juu ya mkeka wa utando, miguu imetulia. Hiyo ni hali ya kawaida. Buibui anayekufa hasa hubaki amesimama na miguu ikijikunja chini ya mwili. Kujivua huchukua saa kadhaa; kifua hufunguka kwanza, kisha miguu inavutwa kidogo kidogo kutoka kwenye gamba la zamani. Usipulizie maji, usimsaidie kwa kibano, usihamishe kasha.

Akimaliza ni laini mwili mzima, na chonge zake ni nyeupe. Baadaye huwa nyekundu, kisha nyeusi. Usimlishe hadi ziwe nyeusi. Kwa mtu mzima subiri siku 10 au hata wiki mbili. Kama alipoteza mguu, utaota mpya na kukua katika kujivua kunakofuata.

Gamba alilotupa nje lichukue kwa kibano. Liloweke kwenye maji yenye tone la sabuni, lilainike, ulitandaze. Upande wa ndani wa tumbo, kati ya mapafu mawili ya mbele, jike ana kifuko kidogo cha kuhifadhia mbegu kinachoonekana kwa lenzi. Kwa dume pale ni patupu. Hiyo ndiyo njia ya kujua jinsia bila kumgusa mwenyewe.

Mambo ya kutazama

Tumbo lililosinyaa na lenye mikunjo ni kiu. Jaza chombo hadi maji yamwagike kidogo pembeni, umsubiri. Utitiri mweupe ukitapakaa kwenye udongo maana yake kuna mabaki yanaoza na unyevu umezidi. Toa mabaki, kausha, ongeza hewa. Ute mweupe mdomoni pamoja na kukataa chakula huweza kuwa dalili ya minyoo, na hapo mtenge mbali na buibui wengine mara moja, na kibano chake kisiguse makasha mengine.

Jeraha dogo linalotoa majimaji ya rangi ya bluu iliyofifia lizibwe haraka kwa wanga wa mahindi au mafuta ya mgando, ukitumia ncha ya brashi. Bluu hiyo ni ya shaba iliyomo kwenye damu yake, isikutishe.

Usafi wa kasha zima hauhitajiki kila mwezi. Ukitoa mabaki kwa wakati, udongo uleule unakaa mwaka na zaidi.

Akitoroka

Funga mlango wa chumba kwanza, ziba chini, kisha ndipo utafute. Mwambie kila aliye nyumbani. Tazama sehemu za giza zilizo karibu na kasha: nyuma ya pazia, chini ya rafu, ndani ya viatu, nyuma ya friji. Usiinue vitu vizito ukiviburuta, unaweza kumponda. Usipomwona mchana, rudi usiku na tochi. Hutoka kutembea kando ya kuta. Ukimwona, mfunike kwa kopo, telezesha kadi chini taratibu, hesabu miguu iliyo ndani kabla ya kuinua.

Akikuuma

Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula hawa, lakini maumivu si ya kubezwa. Murinus huleta maumivu makali, uvimbe, jasho, na kukaza kwa misuli ambako kunaweza kurudi baada ya siku kadhaa, hata ukidhani umepona.

Mrudishe buibui kwanza ndani na ufunge. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi kilichofungwa kitambaa, inua mkono, kunywa dawa ya maumivu unayoitumia kwa kawaida. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Uliza kama chanjo yako ya pepopunda bado inafanya kazi. Nenda hospitali bila kusubiri ukipata shida ya kupumua, uso kuvimba, kifua kubana, mapigo ya moyo kwenda ovyo au misuli kukaza sana. Aliyeumwa akiwa mtoto, mjamzito au mgonjwa wa moyo aende hata bila dalili hizo. Dawa mahususi ya kuzima sumu hii haipo, daktari atatibu dalili, kwa hiyo mwambie jina kamili la kisayansi ili asihangaike kukisia ni buibui gani.

Kama ni dume

Siku moja atajivua gamba na kutoka akiwa na miguu mirefu, mwili mwembamba, na ncha za vipapasio vyake vya mbele zimevimba kama glavu za ngumi. Amekomaa. Ataacha shimo lake, atatembea usiku kucha kutafuta jike, na hamu ya kula itapungua. Kipindi hiki ndicho anachojaribu kifuniko kuliko wakati wowote, kwa hiyo kikague upya. Ana miezi michache tu iliyobaki. Mfugaji mwenye jike huweza kumpokea, ila kuzalisha ni kazi nyingine kabisa: usianze kama huna pa kupeleka watoto mia.

Ukishindwa kuendelea kumfuga, jike au dume, mtafutie mfugaji mwingine. Usimwachie porini, hata kama unaishi ndani ya eneo lake la asili. Hujui alikozaliwa ukoo wake wala anabeba minyoo gani. Na wakati wote akiwa kwako, bandika karatasi kwenye kasha: jina la kisayansi, tarehe ya kujivua mara ya mwisho, tarehe ya mlo wa mwisho, na maneno "usifungue" kwa herufi kubwa.